Vitabu vya walioacha pombe vinanitia kiu ya mvinyo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Tabata na kazi yangu ni uhasibu. Kwa miaka kama sita nimekuwa nikinywa mvinyo wa Dodoma kila usiku watoto wakishalala. Nilianza na glasi moja, mwishoni ikawa chupa nzima, na Jumamosi naongezea kichupa kidogo cha konyagi. Kazini sikuwahi kukosa, gari sijagonga, hakuna aliyeniokota mtaroni. Lakini asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka mpaka naogopa kushika kikombe cha chai mbele ya wenzangu, na mwezi wa nane mwanangu mkubwa aliniuliza kwa nini nasahau kila tunachoongea usiku. Mwanzoni mwa Septemba nikaacha, mwenyewe, bila kwenda popote.

Rafiki yangu aliyeko Marekani alinitumia kwenye simu vitabu vya watu wanaosimulia maisha yao ya ulevi na jinsi walivyoacha. Cha kwanza nilikimaliza kwa siku tatu, nilijiona kila ukurasa. Tangu hapo nasoma karibu kila usiku nikishazima taa. Shida ni kwamba mwandishi akieleza glasi ya mvinyo mweupe inavyotoa jasho, mate yananijaa mdomoni. Juzi nilijikuta nimesimama jikoni, nimefungua kabati nililokuwa naficha chupa. Lilikuwa tupu. Ningeikuta chupa, ningekunywa.

La pili, watu wa kwenye vitabu wamevunja ndoa, wamelala mahabusu, wamekunywa vodka asubuhi. Mimi sikufika huko. Naanza kujiuliza kama kweli mimi ni mlevi, au ni mtu aliyezidisha tu na sasa anaweza kunywa kidogo kwenye sherehe. Desemba tunakwenda kwetu Marangu, kuna kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Mbege itakuwepo, na shampeni itafunguliwa.

Mume wangu anasema hivi vitabu ndivyo vitakavyonirudisha, nivifute. Naogopa nikivifuta nitabaki peke yangu, maana zaidi yake sijamweleza mtu. Nivifute au niendelee? Na kama niendelee, nisomeje?

Mama Wawili, Tabata

Marahaba mwanangu.

Usivifute. Ila kuanzia leo usivisome usiku, usivisome kitandani, na ukifungua kitabu kipya usianzie ukurasa wa kwanza. Kilichokufikisha mbele ya lile kabati ni saa uliyosoma, mahali uliposomea na sehemu ya kitabu uliyokuwa unasoma. Vyote vitatu vinabadilishika.

Vitabu vingi vya aina hii vina umbo moja: sehemu kubwa ni ulevi, halafu linakuja anguko, halafu kurasa chache za kuacha. Hata ushuhuda makanisani kwetu mara nyingi huenda hivyohivyo, dhambi inasimuliwa nusu saa na wokovu dakika tano. Mwandishi hodari humwaga ufundi wake wote kwenye ile sehemu ya kwanza, kwa sababu anataka msomaji aelewe kwa nini aliipenda pombe kiasi kile. Caroline Knapp, mwandishi wa habari wa Boston aliyeacha mwaka 1994, kitabu chake cha mwaka 1996 alikiita Drinking: A Love Story, na kweli amekiandika kama mtu anayesimulia penzi. Asiyekunywa akikisoma anajifunza jambo. Wewe uliyekunywa miaka sita unakumbushwa. Ubongo wako umeshazoea mfuatano wake: watoto wamelala, nyumba imetulia, taa imezimwa, glasi iko mkononi. Sasa saa ileile, kwenye utulivu uleule, unauletea maelezo ya glasi. Mate yanajaa kwa sababu mwili umeanza kujiandaa kupokea kilichotajwa. Usijihesabu kuwa dhaifu kwa hilo. Ni mazoea yaliyojengwa kwa kurudiwa kila usiku, na yanabomoka kwa kurudia mazoea mengine.

Kwa hiyo soma mchana. Saa ya chakula kazini inafaa, au alfajiri kabla watoto hawajaamka, ukiwa umekaa kitini na umekula kitu. Mwisho uwe saa kumi na moja jioni. Kurasa 15 hadi 20 kwa siku zinatosha kabisa. Kumaliza kitabu kwa siku tatu kunasisimua, lakini hakuachi kitu cha kufanyia kazi, na ule msisimko ukiisha unabaki na usiku mrefu. Kabla ya kuanza, fungua orodha ya sura, tafuta mahali mwandishi anapoacha au anapoingia kwenye matibabu, anzia hapo mpaka mwisho. Ukishamaliza ndipo urudi mwanzo, na ukikutana na maelezo ya kinywaji, yaruke bila kujionea aibu.

Nunua daftari, kaunta buku ya kawaida, uchore safu tatu. Ya kwanza andika ukurasa na kilichotokea kitabuni. Ya pili andika jambo hilo linafananaje na lako, kwa vitu vinavyoonekana, si kwa hisia. Ya tatu andika utafanya nini kabla ya Jumapili. Mfano: mwandishi ameeleza alivyokuwa anaficha chupa. Safu ya pili usiandike “nilijisikia vibaya”. Andika “kabati la chini jikoni, nyuma ya ndoo ya unga, na mkoba wa kazini wenye zipu mbili”. Safu ya tatu: “Jumamosi naondoa mlango wa kabati, naweka masufuria, mkoba nampa mtu.” Kabati lisilo na mlango halifichi kitu, na mkono uliozoea kulifungua usiku utakutana na sufuria. Mistari mitatu ya namna hii kwa wiki inakufaa kuliko kitabu kizima ulicholia nacho.

Pembeni mwa daftari andika pia namba mbili kila unaposoma: kiu ya pombe kabla ya kusoma na kiu baada ya kusoma, kuanzia 0 hadi 10. Ikipanda ukiwa katikati ya ukurasa, funga simu, simama, toka chumba hicho, kula kitu chenye kushiba, kunywa maji au uji, mpigie mtu. Kiu ya pombe hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na kwa watu wengi hupungua ndani ya nusu saa hivi kama haikupewa inachotaka. Kinachoirefusha ni kukaa palepale ukibishana nayo. Kitabu kikikupandisha juu ya 5 mara mbili, kiache. Si kibaya, ila wakati wake kwako bado. Ukitazama zile namba baada ya wiki mbili utagundua jambo lingine: siku nyingi za kiu kali utakuwa umesoma ukiwa na njaa, hasira, upweke au uchovu. Chakula cha jioni kikiwa mezani saa kumi na mbili na nusu badala ya saa tatu, sehemu ya kazi hiyo imeshafanyika kabla hujagusa kitabu.

Sasa hilo la “sikufika huko”. Hapa ndipo vitabu hivi huwapotosha wengi, na naomba unisome taratibu. Maisha yanayochapishwa mara nyingi ni yale yaliyoporomoka kwa kishindo. Aliyepoteza ndoa, kazi na leseni ana kisa cha kusimulia. Anayekunywa chupa moja kila usiku na kufika kazini saa mbili kamili hana kisa kikubwa, ingawa ini lake halijui kwamba yeye ni mtu wa heshima.

Acha kulinganisha matukio, linganisha gramu. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kileo iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 inakupa gramu 71 hivi za kileo halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi, kwa hiyo kila usiku ulikuwa unakunywa sawa na bia kubwa tatu na nusu. Konyagi ina asilimia 35. Kichupa chako kikiwa cha mililita 200, kinaongeza gramu 55, na Jumamosi unafika gramu 126. Shirika la Afya Duniani hupanga unywaji wa wanawake kwa madaraja, na daraja la juu kabisa la hatari linaanzia pale wastani unapopita gramu 60 kwa siku. Wewe ulikuwa humo siku zote saba za wiki. Na ukikutana vitabuni na ile chupa ya pombe kali ambayo Wamarekani huipima kwa sehemu ya tano ya galoni, jua ni kama mililita 750. Ikiwa ya asilimia 40 ina gramu 237 hivi. Anayemaliza hiyo kwa siku amekuzidi mara tatu na zaidi. Kwamba amekuzidi hakukutoi wewe kwenye daraja lako.

Halafu mwenyewe umetaja mikono. Mikono inayotetemeka asubuhi na kutulia baadaye ni mwili unaodai kileo kilichokuwa kinashuka usiku, ile ambayo vijana huiita arosto. Kulala mahabusu ni suala la polisi na bahati. Kutetemeka ni kipimo cha mwili wenyewe, na wewe ulishafika hapo hata kama hukuwahi kuzimua asubuhi. Ukitaka kipimo kingine, mwombe mhudumu wa afya dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Ni maswali 10, alama zake 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji unahesabiwa kuwa wa hatari, kuanzia 20 daktari huchunguza utegemezi. Kuna toleo la Kiswahili, na limefanyiwa majaribio hukohuko Moshi.

Hili la kujipima kwa walioanguka zaidi ni la zamani. Chama cha AA (Alcoholics Anonymous), cha walevi wanaosaidiana kuacha, kilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, na kitabu chake kikatoka mwaka 1939 kikiwa na visa vya watu waliofika chini kabisa. Wasomaji ambao bado walikuwa na kazi na familia hawakujiona humo. Toleo la pili la mwaka 1955 likaongezwa fungu zima la visa vya watu walioacha mapema, kabla hawajapoteza kila kitu. Fungu hilo ndilo lako. Visa ni vifupi, kimoja unakimaliza kwenye mapumziko ya chakula, na kila kimoja kina hali ilivyokuwa, kilichotokea, na maisha ya sasa. Kwa msomaji wa wiki zako hizi, hicho ni kipimo bora kuliko kitabu cha kurasa 300. Kwa Kiingereza kinasomeka bure kwenye tovuti yao.

Baada ya hapo soma The Recovering ya Leslie Jamison, ya mwaka 2018. Ni kinene, lakini sehemu kubwa inahusu maisha baada ya kuacha, jambo ambalo wengi hulipita haraka. Anaeleza wazi alivyoacha, akajiaminisha kuwa sasa anaweza kunywa kwa kiasi, akarudi kulekule, kisha akaacha tena. Huo mlango wa katikati ndio unaouchungulia wewe sasa hivi. Kama kuna kitu ndani yako kinachoamini kuwa bila glasi akili inapoa, utakutana humo na Raymond Carver, mwandishi wa hadithi fupi, aliyeacha pombe Juni 1977 na kuendelea kuandika miaka 11 mpaka alipofariki. Kitabu cha Knapp kiendelee kuwepo, lakini kisome kuanzia anapoingia matibabu.

John Barleycorn ya Jack London, ya mwaka 1913, usiiguse kabla ya mwaka kwisha. Imeandikwa vizuri mno na inaonyesha ulevi kwa ukali, kisha ukurasa wa mwisho mwandishi anaamua kuendelea kunywa, kwa ustadi na uangalifu zaidi. Ni wazo lako la sherehe kwa kalamu ya mtu hodari. Alifariki Novemba 1916 akiwa na miaka 40. Na kile cha James Frey cha mwaka 2003, A Million Little Pieces, kipite kabisa. Kiliuzwa kama maisha halisi, ila mwanzoni mwa 2006 ikabainika ametia chumvi mengi. Miezi karibu mitatu ya jela aliyodai ilikuwa saa chache tu. Kosa kubwa kwa msomaji wa hali yako ni kwamba kinamwonyesha mtu anayeshinda kwa ubishi wake mwenyewe, akikataa njia ya AA, na hilo linaigwa.

Kwa Kiswahili ulevi tumezoea kuukuta kwenye riwaya. Zakaria, baba yake Rosa kwenye Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, utamwona kwa macho ya wanawe na mkewe. Wewe ambaye mwanao ameshakuuliza swali lile, kurasa hizo zinafaa kusomwa siku ambayo umelala vizuri na namba yako iko chini.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu vinayaeleza vibaya. La kwanza ni kuacha kwenyewe. Kitabuni mtu anajifungia chumbani, anatoka jasho siku tatu, anaibuka salama. Wewe ulipita bila madhara, na nashukuru, lakini anayesoma hapa na bado anakunywa kila siku asiige. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo, na kuchanganyikiwa kukali, kuona vitu visivyokuwepo na moyo kwenda mbio huja zaidi siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo inaua. Hospitali hutoa dawa ya kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1. Na anayeacha na kurudi mara kwa mara, arosto inayofuata inaweza kuwa kali kuliko iliyotangulia.

La pili ni muda. Mwandishi anaandika “miezi ikapita” na kugeuza ukurasa. Wewe unaishi ndani ya miezi hiyo. Usingizi wa kukatikakatika, ndoto za kunywa ambazo unaamka ukiamini umekunywa kweli, hamu ya vitu vitamu, hasira za karibu, siku ambazo hakuna kinachofurahisha: yote haya ni ya kawaida kwa wiki nyingi na hata miezi kadhaa. Hayamaanishi umeshindwa. Ila huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, au ukianza kuwaza kujidhuru, hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Mume wako ana haki ya kuogopa, maana ameona simu ikikupeleka jikoni. Mwonyeshe daftari, hasa zile namba, umwambie kitabu kitakachopita 5 mara mbili utakifuta mbele yake. Kwenye kile kitabu cha AA kuna sura iliyoandikwa kwa ajili ya wake wa walevi. Ni ya 1939, inadhani kila mlevi ni mwanamume, na aliyeiandika ni Bill Wilson mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa AA, wala si mkewe Lois. Mume wako anaweza kuisoma akijiweka mahali pa mke, na mengi yatamfaa, hasa kuhusu kutofuatilia na kutolaumu. Ndugu wa walevi nao wana chama chao, Al-Anon, tangu 1951.

Vitabu havitoshi kuwa mwenza wako wa pekee. Havikujibu saa tatu usiku. Unahitaji watu wawili mbali na mumeo: mmoja mwenye taaluma na mmoja aliyewahi kupita. Hospitali ya rufaa ya mkoa au Muhimbili uliza kliniki ya afya ya akili, useme wazi ulikunywa kiasi gani kwa gramu ulizopiga hesabu. Ukiwa Kilimanjaro ipo hospitali ya KCMC. Uliza kuhusu dawa za kupunguza kiu kama naltrexone na acamprosate, na vipimo vya ini. Aliyepita utampata kwenye vikundi vya AA, na mikutano ya kwa simu ipo ya kila saa. Nyumba za upataji nafuu zipo pia, lakini kwa hali uliyoeleza, na wiki ulizokwisha pita, sioni kama unahitaji kulazwa.

Twende Marangu. Hapa vitabu vya Marekani havina la kukusaidia, kwa sababu hakuna kitabu kati ya hivyo kinachoeleza mjomba mzee amesimama mbele yako na kata ya mbege, watu wote wanatazama.

Muone daktari kabla ya safari ili neno lako liwe la kweli: “Daktari amenikataza pombe.” Sema hilo tu, kwa upole, kwa kauli moja, na usiongeze maelezo. Maelezo ndiyo yanayozaa mjadala. Kwa mzee, pokea kata kwa mikono miwili, shukuru, mpe wa pembeni bila kugusa midomo, heshima imekamilika. Kila ukoo wa huko una walokole wasioonja, kwa hiyo kukataa si kitu kigeni kama unavyodhani. Usikubali “onja kidogo tu, ni chakula hii”. Mbege inaendelea kuchacha chunguni, ya leo asubuhi na ya kesho jioni hazina nguvu sawa, na hakuna anayejua asilimia ya aliyokushikisha. Isitoshe, wiki zote hizi bila pombe zimeushusha uwezo wa mwili wako kuistahimili. Kiasi ulichokimudu Agosti kitakuangusha Desemba.

Mpigie dada yako sasa, si siku ya sherehe, umweleze kwa sentensi mbili na umpe kazi: wakati wa kugonganisha glasi, yeye ndiye atakayekupa ya kwako, yenye soda aliyoimimina mwenyewe. Shampeni za sherehe zetu nyingine hazina kileo na nyingine zinacho. Soma lebo, usiulize mhudumu. MC akiita ukoo wa mama mbele kwa muziki, utakwenda na glasi mkononi na hakuna atakayechungulia ndani. Kaa upande wa jikoni kwenye mtori na nyama, mbali na benchi la wazee wa mbege. Kula mapema. Panga na mumeo neno la siri ambalo likitajwa mnaondoka bila maswali, na usafiri uwe wenu, usitegemee lifti ya mtu anayekunywa. Saa mbili za sherehe zinatosha kwa mama mdogo wa mtoto. Vitabu viache Dar. Chukua daftari, na visa viwili vifupi kwa ajili ya asubuhi.

Ikitokea umekunywa, hata glasi moja, simama kwenye glasi hiyo. Usiseme siku imeshaharibika hivyo nimalizie mpaka Januari, maana wengi huangushwa na kauli hiyo kuliko ile glasi. Mwambie mumeo usiku huohuo, kula, lala, na asubuhi andika kwenye daftari ilikuwa saa ngapi, nani alikupa, na ulikuwa umekula nini. Zikipita siku kadhaa za kunywa mfululizo, usiache ghafla kama Septemba. Nenda KCMC au kituo cha afya kilicho karibu, waambie uliacha lini mara ya mwisho na mikono ilikuwa ikitetemeka.